Bombani: jina lililotoka kwenye foleni ya ndoo

Hati ya nyumba yangu haina jina la mtaa. Ina namba ya kiwanja, ina herufi ya kitalu, ina jina la eneo kubwa lililomeza mashamba ya watu wengi, kisha maneno "Jiji la Tanga". Mpima aliyekuja kusimika bikoni hakuhitaji zaidi ya hayo, na kwa kazi yake hakukosea. Lakini mwambie bodaboda saa nne usiku akupeleke kitalu fulani, kiwanja namba fulani, uone kama mtafika. Sisi tuliotangulia kujenga huku, mbele ya stendi ya Kange, tulikaa muda mrefu tukiwa na ardhi, tukiwa na risiti za kodi ya pango la ardhi, tukiwa na majirani wema kabisa, ila hatuna mahali pa kutaja. Ukiulizwa unakaa wapi unajibu "kule viwanja vipya", na Tanga siku hizi ina viwanja vipya kila upande, Mwahako, Pongwe, hadi njia ya Chongoleani.

Leo tunakaa Bombani. Nataka kueleza jina hilo lilivyopatikana, kwa sababu naona watu wengi wananunua viwanja pembezoni mwa jiji, na katika maongezi yote ya bei, hati na umbali kutoka kwenye lami, sijawasikia wakiuliza swali ambalo kwetu ndilo lililoamua kama tutakuwa mtaa au tutabaki rundo la nyumba zenye kuta ndefu. Hapa kuna nini cha watu wote?

Mimi naamini jina la mtaa huota pale ambapo watu wasio ndugu hawana budi kukutana. Na imani hiyo nimeipata kwenye majina ya Tanga yenyewe. Mikanjuni palikuwa na mikanju, mikorosho kwa watu wa bara, na mti wa njiani hauna mwenyewe kwa mpita njia anayetaka kivuli. Majani Mapana na Mabanda ya Papa hayahitaji mkalimani. Maweni imekalia mawe, na upande huo wa jiji mawe ya chokaa ndiyo yaliyoleta kiwanda cha saruji. Mwakidila, Mwarongo na Mwanzange yana sauti ya wenyeji wa pwani hii, waliokuwapo kabla Mjerumani hajachora mstari wake wa kwanza. Hakuna hata moja kati ya hayo lililobuniwa na mtu aliyekaa mezani akitafuta jina zuri.

Najua kuna atakayenijibu kwa Ngamiani. Ngamiani ilichorwa kwa rula enzi za ukoloni, wakati mji ulipogawanywa: Raskazone kule baharini viwanja vikubwa vya Wazungu, katikati maduka ya Wahindi, na Waafrika wakapangwa Ngamiani katika mistari iliyonyooka. Barabara zake hazikupewa majina, zilipewa namba, kuanzia ya kwanza hadi kupita ya ishirini. Na bado mtu wa Tanga akisema "nimezaliwa barabara ya nane" anaisema kwa fahari, kama mwingine anavyotaja ukoo. Ni kweli, na mimi naona hilo linaunga mkono hoja yangu. Nyumba za Ngamiani zina baraza. Zina msikiti pale kona, zina wauza kahawa, zina mabinti wanaosukana nje jioni, zina njia inayopitwa na kila mtu kwa baiskeli. Karani alitoa namba, wakazi wakaifanya jina, kwa sababu barabara yenyewe ilikuwa ya kwao wote.

Mkoa wetu unaijua pia namba iliyobaki namba. Kwenye mashamba ya mkonge, watu walioletwa kwa mikataba kutoka Kigoma, Songea na Njombe waliitwa manamba. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuajiri, SILABU, iliyowakusanya watu kutoka mikoa ya mbali na kuwasafirisha hadi kambini. Kambi ilikuwa mali ya shamba. Mtu alikaa humo mpaka mkataba uishe, akaondoka, akaja mwingine. Wazee waliobaki wakajenga, wakaoa na kuzika wazazi wao hapa hapa, ndio walioyageuza baadhi ya makambi kuwa vijiji vyenye majina. Kwa hiyo sina ugomvi na namba. Ugomvi wangu ni mtaa ambao kila kilichomo ndani yake kina mwenyewe na kina geti.

Na kwetu ilikaribia kuwa hivyo.

Jirani yangu wa nyuma ni bibi mmoja wa Kidigo ambaye familia yake ililima hapa minazi na mihogo kabla ya sisi sote. Alibakiza kipande alichojengea, vingine wanawe waliuza. Nilipohamia nilikuwa nikipita kwake kila jioni kumpa shikamoo, naye akishaitikia marahaba mwanangu, ananyoosha mkono na kuanza kunionyesha vitu nisivyoviona. "Pale penye ukuta wa bluu palikuwa na mkwaju. Sisi pale tulipaita Mkwajuni. Huku bondeni Kisimani, ndiko tulikoteka maji. Ukisema unakwenda Kisimani mama anajua utachelewa, maana wasichana wote wako kule." Ukuta wa bluu ni wa mfanyabiashara mmoja, mtu mwema. Aliponunua kiwanja, mkwaju ulikuwa ndani ya bikoni zake, na ulikuwa pale pale alipotaka kuweka msingi. Aliukata, na sheria haikumzuia. Kisima nacho kiliangukia kwenye kiwanja cha mwingine, kikajazwa kifusi, juu yake limejengwa banda la kuku. Mti ulipoingia ndani ya ukuta na kisima kilipofukiwa, hakuna aliyekuwa na sababu tena ya kusema "nakwenda Mkwajuni" au "nipo Kisimani". Majina yakabaki kinywani mwa bibi.

Namna mashamba haya yalivyogeuka viwanja ni hadithi ya miji yote ya Tanzania. Kwanza wenye mashamba waliuza vipande kwa hatua za mguu, mashahidi wawili na mjumbe, karatasi ikapigwa muhuri wa serikali ya mtaa. Madalali wakaleta watu. Jiji nalo lilikuwa linatanuka: sensa ya 2012 ilihesabu watu 273,332 ndani ya Jiji la Tanga, ya 2022 ikahesabu 393,429. Tarehe 5 Agosti 2017 lilipowekwa jiwe la msingi kule Chongoleani, mwisho wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Uganda, hata watu ambao hawajawahi kukanyaga Tanga walianza kupiga simu kuulizia shamba. Bei ilipanda, vipande vikazidi kuwa vidogo, njia zikazidi kuwa nyembamba. Hatimaye ukaja urasimishaji: wakazi tukachagua kamati, tukachangia fedha kwa kila kiwanja, ikaja kampuni ya upimaji kupanga kilichokwisha kujipanga chenyewe.

Nilikuwa kwenye mkutano ule wa kwanza wa mchoro. Mpangaji miji, kijana mpole, alitandika karatasi kubwa mezani, tukaizunguka. Akaanza kueleza: hapa tunahitaji barabara ya kupita gari la zimamoto, hapa eneo la shule, hapa zahanati, hapa eneo la wazi, hapa soko dogo. Kila alipoweka kidole, chini ya kidole palikuwa na mtu. Mwenye kipande hicho alisimama na kusema hapana. Si kwamba walikuwa wabaya. Mtu amenunua hatua ishirini kwa ishirini kwa akiba yote ya maisha yake, unamwambia hatua kumi ziende soko? Wengine walikubali kukatwa kwa ajili ya barabara kwa sababu barabara inapandisha thamani ya kiwanja. Soko lilifutwa siku ile ile. Zahanati ilifutwa wiki iliyofuata. Shule ikasogezwa hadi nje ya mchoro wetu, yaani kwa watu wengine. Kilichopona ni kipande kimoja cha eneo la wazi, tena kwa kuwa ni bondeni, maji ya masika hutuama pale na hakuna aliyetaka kujenga.

Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inajua kwamba mji hauwi mji kwa nyumba tu, ndiyo maana inataka mpango uonyeshe matumizi ya kila kipande kabla watu hawajajenga. Kwetu watu walitangulia, mpango ukafuata nyuma ukiomba nafasi. Na ukishakuja nyuma, kila cha umma unachotaka kukiweka unakinyang'anya kwa mtu mwenye jina, mwenye watoto, aliyesimama mbele yako. Nimeliwaza sana jambo hili na sioni njia ya kulikwepa isipokuwa kutenga mapema, wakati shamba bado ni shamba.

Basi tukawa na hati, na hatukuwa na jina. Majina ya muda yalikuwa mengi. Wengine walisema "Kwa Transfoma", kwa sababu ya transfoma iliyofungwa kwenye nguzo pale njia panda. Wengine "Kwa Mwanajeshi", kwa mstaafu mmoja aliyejenga ghorofa ya kwanza huku. Waliouziwa na kampuni moja ya viwanja waliutaja mtaa kwa jina la kampuni hiyo, kwani ndilo lililokuwa kwenye bango la barabarani. Mimi jina la kampuni liliniumiza kila nilipolisikia. Kampuni iliuza kiwanja cha mwisho, ikaondoka, haikuacha hata mti. Kwa nini wajukuu zetu waitwe kwa jina lake?

Kisha likaja bomba.

Mamlaka ya maji ilisogeza bomba kubwa hadi njia panda, penye hifadhi ya barabara, yaani kwenye ardhi pekee isiyo na mwenyewe huku kwetu. Pakajengwa kioski cha maji, sakafu ya zege yenye mfereji wa kumwaga, koki nne, na kibanda cha msimamizi. Nyumba zilikuwa bado chache na kuvuta maji hadi ndani lilikuwa jambo la wenye uwezo. Sisi wengine alfajiri tulikuwa kwenye foleni.

Ningependa kuieleza foleni ile sawasawa, kwa sababu humo ndimo mtaa ulimozaliwa. Baada ya sala ya alfajiri zinaanza kufika ndoo, na ndoo hupangwa hata kama mwenyewe hayupo: ndoo ya kijani ya mama fulani, dumu la njano lenye mfuniko wa gunzi, beseni lenye kamba. Hakuna anayeruka ndoo ya mwenzake. Vijana wa toroli wana mstari wao pembeni, madumu ya lita ishirini yamelala ubavu, na wenye baiskeli wamefunga madumu mawili kila upande na mawili juu ya keria. Maji yakitoka kwa kasi watu wanasalimiana tu. Yakitoka kidogo kidogo, na mara nyingi yalitoka hivyo, watu wanaongea. Pale ndipo nilipojua kwamba jirani wa mkono wa kulia ni fundi umeme. Pale ndipo ilipoanzishwa kikoba. Pale tulijua nani kajifungua, nani kaibiwa nondo, nani anatafuta mpangaji, nani mwanawe kafaulu darasa la saba na hana sare.

Mama mmoja akaona watu wanakaa saa nzima na njaa, akaleta jiko la mkaa na vitumbua. Fundi baiskeli akamfuata, akatundika matairi kwenye mti. Baada yake bodaboda wakafanya kijiwe, likajengwa duka la mbao, kisha duka la tofali, na wakala wa kutuma fedha akakaa kwenye kibanda chake chini ya mwavuli. Abiria anayetoka mjini akimwambia bodaboda "nishushe pale bombani", anashuka pale. Herufi ndogo kwanza. Sijui ni siku gani ikawa kubwa, ila bodaboda ndio waliofanya kazi hiyo, kabla ya mwenyekiti wa mtaa na kabla ya mtendaji. Wageni husikia jina na kudhani ni bomba la mafuta. Hapana, letu ni la maji, na lilitangulia.

Kilichotufanya tulifikishe jina serikalini ni msiba. Alifariki mwenzetu mmoja, mtu wa Korogwe kwa asili, nyumba yake iko ndani kabisa, ukitoka njia panda unakata kona kadhaa kati ya kuta zinazofanana. Jamaa zake walitoka Korogwe na Muheza kuwahi maziko ya alasiri. Walikuwa na jina la kwenye bango la kampuni, kwa sababu marehemu ndilo alilowahi kuwaambia. Bango lilishaanguka na mvua. Waliuliza stendi, wakapelekwa upande mwingine wa jiji ambako kampuni ile ile ilikuwa na viwanja vingine. Walipiga simu, tukawaelekeza kwa transfoma, na transfoma ziko nyingi. Walifika watu wakirudi kutoka makaburini. Kaka wa marehemu alikaa kwenye mkeka, hakumlaumu mtu, akasema tu kwamba amezunguka mji mzima akimtafuta ndugu yake. Jioni ile ile mjumbe wetu alisema jambo hili haliwezi kuendelea.

Bahati ilikuwa upande wetu. Tarehe 8 Februari 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua operesheni ya anwani za makazi, ili kazi iishe kabla ya sensa ya tarehe 23 Agosti mwaka huo. Kila nyumba ipewe namba, kila njia ipewe jina na nguzo yenye kibao, yote yaingizwe kwenye mfumo wa simu wa NaPA pamoja na postikodi ya kata. Ilikuwa kazi kubwa na naiheshimu. Kwetu walikuja vijana wawili wenye simu na rangi. Walisimama kwenye kila njia na kuuliza: hii inaitwaje? Wanaume wengi walikuwa kazini. Aliyekuwa nyumbani ndiye aliyejibu.

Hapo ndipo nilipoona jinsi jina linavyoweza kuharibiwa kwa nia njema. Njia moja ilipewa jina la mtu aliyehamia mwaka uliotangulia, kwa sababu alikuwa nje anaosha gari. Njia mbili ziliitwa Upendo, zikiachana nyumba chache. Nyingine Amani, nyingine Umoja. Ni maneno mazuri, nani atayapinga? Lakini Amani iko kila kata ya nchi hii, na gari la wagonjwa likiambiwa Njia ya Amani litakwenda kwenye Amani ya kwanza itakayotokea. Jina la njia ni kazi kwanza, sifa baadaye. Na kuhusu majina ya watu, msimamo wangu hausogei: aitwe mtu aliyekwisha kufariki, aliyewafanyia watu wa pale jambo ambalo wao wenyewe wanalikumbuka. Kumpa njia mtu aliye hai ni kumtafutia maadui.

Yule mkubwa kati ya vijana wale wawili alikuwa msikivu. Alituambia majina yanapaswa kutoka kwa wakazi, yasigongane ndani ya kata, na kama tuna mapendekezo tuyapeleke haraka kupitia serikali ya mtaa. Mjumbe akaita mkutano Jumapili, kwenye nyumba moja iliyokuwa imefika linta, haina bado paa. Tulikaa juu ya tofali. Katibu aliandika kwenye kaunta buku, na karatasi ya mahudhurio ikazungushwa kila mtu asaini, kwani muhtasari usio na mahudhurio haupokelewi popote.

Jina la eneo zima ndilo lililoanza. Mapendekezo yalikuwa manne: Mji Mpya, jina la kampuni, jina la kiongozi mmoja wa kitaifa, na Bombani. Mji Mpya lilianguka mapema. Mama muuza vitumbua aliuliza litakuwa jipya mpaka lini. La kiongozi lilitolewa na mtu aliyeamini litatuletea lami. Wazee walimjibu kwa upole kwamba lami inaletwa na bajeti. Jina la kampuni lilipata watetezi, hasa waliohofia kwamba tukibadilisha, hati zao zitasumbua. Mtendaji akawatoa hofu: hati inafuata kiwanja na kitalu, jina la mtaa halifuti umiliki wa mtu.

Bombani lilipingwa na kijana mmoja msomi, anafanya kazi bandarini. Alisimama akasema kwa heshima zote kwamba jina hilo ni la dhiki. Nyumba nyingi sasa zimevuta maji ndani. Kioski kimebaki na koki moja inayofanya kazi. Watoto wetu wakienda chuo wakaulizwa wanatoka wapi, waseme Bombani, kwenye foleni ya ndoo? Alipigiwa makofi, na kusema kweli alizungumza vizuri.

Bibi yangu wa jirani hakusimama, miguu inamsumbua. Aliongea akiwa amekaa. "Mjukuu wangu, wewe Ngamiani unakwenda?" Kijana akasema ndiyo, bibi. "Umewaona ngamia wangapi?" Nyumba nzima ikacheka, na kijana mwenyewe akacheka. Bibi hakuishia hapo, na mimi niliona maneno yaliyofuata ndiyo yaliyokuwa mazito. Alisema watu wake walikuwa na Mkwajuni na Kisimani, vikaingia kwenye kuta za watu, yakafa. Hili bomba lipo barabarani, haliwezi kuingia kwenye ukuta wa mtu. Mikono iliponyooshwa, Bombani ilipita kwa wingi ambao haukuhitaji kuhesabiwa mara mbili.

Baada ya hapo kazi ya njia ilikuwa nyepesi. Ile inayopita mbele ya ukuta wa bluu tuliipendekeza Njia ya Mkwajuni, na mwenye ukuta ndiye aliyekuwa wa kwanza kuunga mkono. Ile ya bondeni ikawa Njia ya Kisimani. Upendo mbili zikabaki moja. Njia ya yule muosha gari ilibadilishwa kwa ridhaa yake. Vibao viliposimikwa, bibi aliomba apelekwe akavione, tukampakia kwenye bajaji.

Nisiwadanganye kuhusu hatua za serikali. Jina la kwenye kibao na kuwa mtaa kamili wenye mwenyekiti wake ni mambo mawili. Kugawa mtaa kunaanzia kwenye mkutano mkuu wa wakazi, kunapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, kunapanda Baraza la Madiwani, kunapanda mkoani, mpaka kwa waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI, na mtaa hautambuliki mpaka utangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 tulipiga kura tukiwa bado ndani ya mtaa mama. Muhtasari wetu uko kwenye ngazi za juu, nasi tunafuatilia. Kwenye simu, kwenye anwani na kinywani mwa bodaboda, Bombani ipo.

Kinachonifanya niandike sasa ni lile eneo la wazi la bondeni. Kiangazi kilichopita mtu alimwaga pale tofali na mchanga, akadai ameuziwa. Vijana wanaocheza mpira pale ndio waliotugutusha. Kamati ilichukua nakala ya mchoro ulioidhinishwa, ikaenda nayo ofisi ya ardhi ya jiji, na hapo tukaelezwa wazi: kubadilisha matumizi ya eneo kuna utaratibu wake, unaanza kwa ombi na tangazo ili majirani wapate kupinga, na kwa eneo hili hakukuwa na ombi lolote. Tofali ziliondolewa. Bikoni zake tumezipaka rangi nyeupe zionekane hata majani yakiota, na mchoro umelaminishwa, unakaa kwa mjumbe. Anayetaka kuuona aende auone.

Unayenunua kiwanja Mwahako, Pongwe au popote pale, mwambie dalali akuonyeshe mchoro wa mipango miji, usiridhike na ramani ya kiwanja chako peke yake. Tafuta rangi ya kijani. Tafuta palipoandikwa shule, soko, ibada, makaburi. Kisha nenda kwa miguu hadi pale paliporangiwa, uangalie kama hajajenga mtu. Usipoviona kabisa kwenye mchoro, uliza hapo hapo, mbele ya wanunuzi wengine, maana mkishahamia wote na kila mmoja ana ukuta wake, mtakuwa mnaombana ardhi majirani kwa majirani kama tulivyoombana sisi.

Kwetu linalobaki ni makaburi. Mchoro wetu hauna hata kaburi moja, na misiba yetu yote tunaipeleka kwenye makaburi ya mitaa ya watu, ambako nafasi inakwisha na wenyeji wameanza kutuuliza, kwa adabu, tutaacha lini. Familia mbili zenye mashamba ambayo hayajakatwa, ng'ambo ya bonde, zimekubali kukaa nasi kuzungumza. Barua iko kwa mtendaji wa kata. Tukikubaliana bei, tunataka eneo hilo lipimwe na kuandikwa kwenye mchoro wa nyongeza kabla shamba lile halijaanza kuuzwa kwa hatua za mguu.